Ukuta hausomi BOQ

Mzee mmoja jirani yangu, mstaafu wa bandarini, hukaa barazani kwake kila baada ya Alasiri, na kila nikipita na kofia ya saiti mkononi huniuliza suali lile lile: "Mwanangu, lile jengo lenu, zishaliwa ngapi?" Kwake yeye, jengo la serikali lililozungushiwa mabati muda mrefu kuliko ulioandikwa kwenye bango lina maelezo mamoja tu. Simlaumu. Wizi upo, na mimi mwenyewe nimewahi kuzirejesha ankara zilizohesabu mifuko ya saruji ambayo hata ghala letu lisingeweza kuipokea. Lakini mwizi ukimkamata, hasara inasimama. Pesa nyingi nilizoziona zikipotea katika ukarabati wa majengo makongwe hazikuibiwa na mtu. Zilitoka mchana kweupe, kwa mhuri na saini, na hakuna aliyeulizwa.

Mimi ni mkadiriaji majenzi. Saitini wananiita injinia na nimechoka kuwasahihisha. Injinia anahakikisha jengo haliwaangukii watu. Mimi nahesabu mita za ukuta, boriti, ndoo za chokaa na siku za vibarua, na mwisho wa mwezi naandika mkandarasi anastahiki kulipwa nini. Nimezaliwa Wete, nimesomea Dar es Salaam, na miaka yangu ya kazi karibu yote imekwenda Mji Mkongwe wa Zanzibar, upande wa mwenye kazi, yaani yule anayelipa. Jengo ninalolizungumza hapa sitalitaja. Ni ofisi ya umma ya ghorofa mbili, kuta za mawe ya matumbawe na chokaa, sakafu za boriti, paa la mabati. Ukitembea Mji Mkongwe kwa miguu utayapita mengi yanayofanana nalo kabla hujachoka.

Nyumba za namna hii zina hesabu yake. Chumba ni chembamba kwa sababu boriti ya mkoko iliyonyooka haizidi sana mita tatu, kwa hiyo ukuta wa pili lazima usimame pale boriti inapokomea. Ukuta wenyewe una unene wa nusu mita au zaidi: mawe, chokaa, mchanga na udongo, na juu yake lipu ya chokaa. Juu ya boriti hupangwa mawe madogo, kisha humwagwa zege la chokaa linalotwangwa mpaka linashikana. Ni sakafu nzito mno. Uzito wote huo umekaa juu ya ncha mbili za kila boriti, na ncha hizo zimezikwa ndani ya ukuta, mahali ambapo jicho halifiki.

Sasa njoo kwenye BOQ, ile orodha ya kazi na vipimo ambayo wakandarasi huijaza bei wakati wa zabuni. Ya jengo letu iliandikwa kabla sijaingia, na mtu aliyekwenda na tochi na futi, akaangalia juu ya dari pale ubao ulipong'oka, akahesabu boriti zilizooza alizoziona, akaongeza kidogo kwa tahadhari, akaenda zake. Hakuwa mvivu. Hakupewa fedha ya kufungua kitu. Jengo lilikuwa bado linatumika, makarani wako mezani, na hakuna mkuu wa idara anayekubali umbomolee lipu ofisini kwake kwa ajili ya uchunguzi tu. Kwa hiyo tarakimu ikaandikwa, ikapigiwa hesabu, ikapelekwa kwenye bajeti, na kuanzia hapo ikageuka kuwa kitu kitakatifu. Kila aliyeisoma baadaye aliiona kama kipimo, wakati ilikuwa dhana.

Makarani walipohama na dari ikashuka, fundi mkuu wetu wa chokaa, mzee wa Makunduchi ambaye mimi humwita baba na yeye huniita mwanangu mbele ya watu na "bi mkubwa" akitaka kunikejeli, alichukua bisibisi akaisukuma kwenye ncha ya boriti ya kwanza pale inapoingia ukutani. Ilizama kama kwenye boflo. Akaenda ya pili. Akaenda ya tatu. Hakusema neno mpaka alipomaliza upande mzima wa chumba, kisha akaifuta bisibisi kwenye shuka yake akasema, "Mwanangu, leteni mirunda." Yaani miti ya kuegemezea sakafu isianguke.

Sababu yake haikuwa uzee wa jengo. Boriti ya mkoko ikikaa pakavu inaishi zaidi ya walioiweka. Miaka ya nyuma, katika ukarabati mmoja wa haraka, mtu aliona lipu ya chokaa inamong'onyoka akaipiga juu yake lipu ya saruji, ngumu, laini, ikapakwa rangi ikapendeza. Chokaa hupumua, ukuta ukinywa maji wakati wa masika huyatoa taratibu wakati wa kiangazi. Saruji huufunga mlango huo. Maji yaliyoingia kwa juu, kwenye mlizamu, mfereji wa maji ya paa, uliotoboka, hayakupata pa kutokea, yakakaa ndani miaka na miaka yakiyeyusha chumvi na kuozesha boriti. Mchwa walikuja baadaye kumalizia. Ule ukarabati wa bei nafuu ndio tuliokuwa tunaulipia sisi.

Hapa ndipo hadithi ya gharama inapoanza, na watu wengi hudhani inaanza kwenye boriti. Boriti ni pesa, ndiyo. Kukata mikoko kunataka kibali cha misitu, na ni sawa iwe hivyo, kwa sababu tukiimaliza mikoko tumeumaliza na ufukwe. Zile nene na ndefu ni adimu, na anayezileta anajua kwamba huna pa kwenda. Lakini angalia njia ambayo habari ya boriti ilipaswa kupita. Fundi anamwambia msimamizi wa saiti. Msimamizi anaandika kwa mshauri elekezi. Mshauri anakuja kuona, anachora, anaandika agizo la mabadiliko. Mkandarasi analitia bei. Mimi naipitia bei hiyo, nainung'unikia, tunakubaliana. Inarudi kwa mwenye kazi. Mwenye kazi anasema kiasi hiki kinahitaji kamati. Kamati inakaa akidi ikitimia. Kamati inauliza kwa nini halikuonekana mwanzo. Linarudi kwa mshauri kwa maelezo zaidi. Na kwa sababu tuko Mji Mkongwe, ndani ya eneo lililoingia orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2000, badiliko la kitu cha msingi linapaswa pia kupita kwa Mamlaka ya Uhifadhi na Uendelezaji Mji Mkongwe. Hilo la mwisho ni haki kabisa na wala silinung'unikii. Ninalolalamikia ni kwamba barua ya kwenda kule iliandikwa baada ya hatua nyingine zote, wakati ingeweza kwenda siku moja nazo.

Na wakati barua zinatembea, saiti imesimama lakini mita inasoma. Vyuma vya jukwaa ni vya kukodi. Mirunda imeegemezwa chini ya sakafu na lazima ikaguliwe. Mlinzi wa usiku analipwa. Ofisi ambayo makarani wamehamia inadaiwa kodi kila mwezi, na kodi hiyo haimo kwenye mkataba wetu, iko kwenye fungu jengine kabisa, kwa hiyo hakuna anayeijumlisha. Chukua mfano; tarakimu nazibuni ili hesabu iwe nyepesi. Boriti za ziada na kazi ya kuzifunga ni shilingi milioni 6. Saiti ikisimama, mwenye kazi na mkandarasi kwa pamoja wanatokwa na shilingi 450,000 kwa siku. Uamuzi ukichukua siku 40, kusubiri kumegharimu milioni 18. Kamati itakaa saa tatu kuzijadili zile milioni 6, ipunguze laki 4, ijipongeze, na hakuna ukurasa wowote kwenye jalada ambao milioni 18 zimeandikwa.

Mkandarasi ataziandika, usijali. Zitakuja mwisho wa kazi zikiitwa madai ya muda wa nyongeza, na hapo kila mtu atashangaa.

Kuna hasara nyengine isiyoingia hata kwenye madai. Mafundi wanaoijua chokaa vizuri ni wachache, na wanajulikana. Kazi ikisimama, fundi hasubiri cheti cha malipo kisainiwe, ana watoto. Atapigiwa simu na mtu anayejenga hoteli Paje au Nungwi, huko wanalipa kila Alkhamisi taslimu, na atakwenda. Ukimtaka arudi, bei imepanda, na pengine harudi yeye, anakuja mpwa wake ambaye amezoea saruji. Yule mzee wa Makunduchi alibaki nasi kwa sababu moja tu: mkandarasi alikuwa na busara ya kumpa kazi ya kuloweka chokaa kipindi chote tulichosimama, akamlipa kutoka mfukoni mwake. Kazi hiyo ilikuja kutuokoa, kwa sababu chokaa kadiri inavyokaa shimoni ndivyo inavyokuwa tamu kwa lipu.

Nisemeje kuhusu Beit al-Ajaib? Siwezi kuandika juu ya kusubiri katika mji huu nikaliruka. Jumba lile alilolijenga Sultani Barghash mwaka 1883, la kwanza hapa kuwa na umeme, lilifungwa kama makumbusho baada ya sehemu ya roshani yake kuanguka mwaka 2012. Ukarabati mkubwa ulikuwa unaendelea, kwa msaada wa Oman, pale tarehe 25 Disemba 2020 sehemu ya mbele pamoja na mnara wa saa ilipoporomoka. Watu wawili walikufa. Sababu za kitaalamu ni za waliopewa kuzichunguza. Mimi najua tu jinsi mafundi wetu walivyobadilika baada yake. Kabla ya siku ile ungeweza kumwambia fundi "pita hapo chini haraka, utatoka." Sasa fundi anaangalia juu, anaangalia mirunda, na kama hakuridhika anaweka chepe chini na kukaa. Ana haki. Kwa hiyo wenzetu wa maofisini wakisema "nyinyi watu wa saiti mnasimamisha kazi kwa boriti moja," wajue kwamba jengo kongwe lililofunguliwa nusu ni dhaifu kuliko lilivyokuwa siku tulipolikuta. Kuliacha katika hali hiyo likingoja saini ni hatari kubwa kuliko kutoligusa kabisa.

Halafu kuna kalenda. Hili nitalisema kwa kirefu kidogo kwa sababu nadhani ndilo linalotuumiza kuliko bei ya kitu chochote.

Baraza la Wawakilishi hupitisha bajeti mwezi wa Juni, na mwaka wa fedha unaanza tarehe 1 Julai. Kuanzia hapo ndipo taratibu za zabuni hupata nguvu: tangazo, ufunguzi, tathmini, muda wa malalamiko, mkataba. Ukienda vizuri, mkandarasi anakabidhiwa saiti mwezi wa Oktoba au Novemba, vuli ikinyesha. Kila mtu anajua kwamba tarehe 12 Januari ni Mapinduzi, na shamrashamra za Mapinduzi zina orodha ya majengo ya kuzinduliwa na mawe ya msingi ya kuwekwa. Kwa hiyo shinikizo la mwanzo linaelekezwa kwenye kinachoonekana: mbele ya jengo, rangi, mlango mkubwa wa nakshi. Januari ikipita tunaingia ndani, tunafungua paa Februari, na mwezi wa Machi masika inafika na sisi tuko wazi. Mwaka 2024 na 2025 Ramadhani nayo iliingia Machi. Mafundi wanafunga, wanaanza kazi alfajiri na kuondoka Adhuhuri, na hakuna mtu mwenye akili atakayewataka wafanye vyengine. Mvua zikiisha Mei, tumebakiwa na wiki chache kabla ya tarehe 30 Juni, siku ambayo fedha isiyotumika inaweza kurudi ilikotoka. Hapo ghafla watu wote waliokuwa hawapokei simu wanapiga wao: "Leteni cheti, leteni chochote kilichokwisha."

Kazi ile ile, ikipangwa kuanzia Juni paa likafunguliwa wakati wa kipupwe, ingekuwa kavu. Anga ya Zanzibar haijafichwa na mtu. Bibi yangu hakwenda skuli na alijua lini asianike karafuu.

Tulichofanya, baada ya masika ya kwanza kutupiga, ni kuezeka paa la muda: mirunda, mbao za kupangisha na mabati ya zamani, juu ya paa la kweli, ili mafundi wafanye kazi chini yake. Liligharimu. Lilipingwa pia, kwa hoja kwamba "mnataka tulipie paa mara mbili." Nilikaa na kalamu nikaonyesha lipu iliyoanguka kwa kuloweshwa ilikuwa na thamani gani, na dari iliyofumuka, na siku za vibarua waliojikinga chini ya baraza wakingoja mvua ipite. Likapitishwa. Tangu lilipokaa, mvua ikinyesha tunasikia kelele tu.

Bei za vitu nitazipitia haraka, kwa sababu kila mtu anazijua. Karibu kila kitu kinavuka bahari. Saruji, nondo, mbao za Mufindi, rangi, vifaa vya umeme, vyote vinapanda chombo Dar es Salaam. Vita vya Ukraine vilipoanza mwaka 2022 mafuta na chuma vilipanda pamoja, na nauli ikafuata. Dola iliyokuwa kama shilingi 2,330 mwanzoni mwa 2023 ilipita 2,600 katikati ya 2024, na mwenye duka la vifaa vya choo hakungoja mwezi uishe kukubandikia bei mpya. Mchanga nao kisiwani unachimbwa kwa kibali na machimbo yanakwisha. Wa ufukweni haufai, una chumvi, na chumvi ndiyo adui tuliyekuwa tunamfukuza ukutani. Mikataba mingi mifupi ya serikali ni ya bei isiyobadilika, hakuna kifungu cha kurekebisha. Wasioijua kazi huona hiyo ni kinga. Mkandarasi anayejua kwamba atachelewa kulipwa na hatarekebishiwa bei huweka woga wake wote ndani ya bei ya zabuni tangu siku ya kwanza. Na asiyejua huomba bei ya chini, akashinda, kisha katikati ya kazi akaanza kutoweka kidogo kidogo. Leo mafundi sita, kesho wanne, wiki ijayo mlinzi na redio yake.

Jambo moja la Mji Mkongwe ambalo hata wenzetu wa Ng'ambo, mitaa iliyo nje ya Mji Mkongwe, hulisahau: gari halifiki. Lori linamwaga mchanga pale njia inapokomea, kisha rikwama zinaingia vichochoroni, mzigo kwa mzigo, zikipishana na watalii na wanafunzi wa madrasa na pikipiki. Kifusi nacho kinatoka vivyo hivyo. Jengo moja la ghorofa mbili linatoa kifusi ambacho ukikitazama huamini kilikaa wapi. BOQ yetu ilikuwa na mstari mmoja wa "kuondoa kifusi," kwa bei ambayo ingefaa Fuoni, ambako lori linaingia mpaka mlangoni. Wachukuzi wa rikwama walitupa bei yao, wakasema chukueni au kibebeni wenyewe. Tukachukua.

Si kila uchelewaji lakini ni maradhi, na hapa ndipo ninapogombana na wakubwa. Lipu ya chokaa inapigwa tabaka jembamba, linaachwa lishike, ndipo linapigwa jengine. Inakauka kwa kuvuta hewa, na hewa haina haraka. Katika kikao kimoja ofisa mmoja, mtu mwema, mwenye kubanwa na wakubwa wake, alisema, "Pigeni saruji humu ndani, nani ataona? Tumalize." Mzee wa Makunduchi alikuwa amekaa nyuma, hakualikwa kusema. Akasema: "Bwana mkubwa, saruji itakauka kabla hujafika nyumbani. Na boriti zitaoza kabla mjukuu wako hajamaliza skuli." Kukawa kimya, halafu mwenyekiti akauliza kama chai imefika. Chokaa ikabaki. Muda wa chokaa ulipaswa kuwa kwenye ratiba tangu mwanzo, na ukiwa kwenye ratiba hauitwi tena uchelewaji.

Ugomvi mwengine ulikuwa wa kupunguza kazi. Fedha ilipobana kamati ikaletewa orodha ya vitu vya kukata. Waliotaka kukata walianza na visivyoonekana: mifereji ya mvua upande wa nyuma, dawa ya mchwa, na mtaro wa kutoa maji kwenye msingi. Vilivyobaki bila kuguswa ni vigae vya ukumbi wa wageni na viyoyozi vya vyumba vya wakubwa. Nilisimama nikasema ikatwe ghorofa yote ya juu, ifungwe, ingoje bajeti ijayo, ikiwa tupu lakini kavu, kuliko kukata mfereji mmoja. Mfereji uliotoboka ndio uliotuleta pale. Viyoyozi vinanunulika siku yoyote. Sikushinda vyote. Mifereji na mtaro vilirudi, dawa ya mchwa ikarudi nusu, vigae vikabaki kwa sababu vilikuwa vishaagizwa, au ndivyo tulivyoambiwa.

Kilichotubadilishia mwendo hasa ni mambo mawili. La kwanza: bei za kipande kimoja kimoja. Tulikaa na mkandarasi tukakubaliana mapema, boriti moja ya urefu fulani kufungwa ni kiasi gani, mita moja ya mraba ya kubandua saruji na kupiga chokaa ni kiasi gani, mita moja ya ufa kushonwa ni kiasi gani. Baada ya hapo, tukifungua ukuta na kukuta ubaya, tunabishana juu ya idadi tu, na idadi inahesabika na watu wawili wakiwa wamesimama pamoja na futi. Bei haifunguliwi tena.

La pili lilichukua vikao vingi. Tuliomba msimamizi wa saiti apewe mamlaka ya kuidhinisha kazi ya ziada hadi kiwango fulani, kutoka fedha za dharura ambazo tayari zilikuwa kwenye mkataba, kwa sharti kwamba mimi na mshauri tutie saini siku hiyo hiyo na taarifa iende kwa kamati mwisho wa wiki. Woga ulikuwa mkubwa. Mtu akaniambia wazi, "Mkaguzi akija, nani atajibu?" Nikamjibu kwamba mkaguzi akija leo pia kuna mtu anapaswa kujibu, isipokuwa swali la kusubiri hakuna anayeliuliza. Ndipo nikaanza kuandika kwenye muhtasari wa kila kikao cha saiti jedwali dogo: jambo gani limesimama, tangu lini, linasubiri ofisi gani, na kila siku linakula kiasi gani. Jina la mtu halimo. Ofisi tu. Sikutaka kumdhalilisha mtu, lakini nilihakikisha jedwali linakuwa ukurasa wa kwanza, si kiambatisho. Ofisi moja ilituma karani kuja kulalamika kwamba tunaichafua. Alipoondoka aliondoka na barua yetu iliyokuwa imelala kwao, na ikarudi imesainiwa Jumatatu. Mamlaka ya msimamizi yalipitishwa muda mfupi baadaye, kwa kiwango kidogo kuliko tulichoomba, na bado kilitosha kwa mambo mengi tunayokutana nayo.

Jengo sasa limefika kwenye rangi ya chokaa. Ghorofa ya chini makarani wamerudi, wanalalamikia vumbi la juu, jambo linalonipa raha kwa sababu maana yake kodi ya kule walikohamia imepungua. Orodha ya kasoro ninayo: milango miwili inayogoma, doa la unyevu karibu na ngazi ambalo silipendi na nimelizungushia penseli na tarehe, na mlizamu mmoja ambao fundi wa bati anaapa hauvuji. Sehemu ya malipo ya mkandarasi tumeizuia mpaka masika ijayo ipite. Akitaka yote, naye aombe mvua inyeshe mapema.

Jirani yangu nilimweleza yote haya wiki iliyopita, mpaka kahawa ikatupoa. Akatafakari akasema, "Kwa hiyo hazikuliwa, zililala." Halafu akaniuliza kama yule mwenye viyoyozi ni jamaa wa nani. Sikujibu hilo.

Sasa nimeombwa kutazama skuli moja kongwe Pemba, madarasa manne na nyumba ya mwalimu mkuu, kuta za namna ile ile. Wamenitumia picha za simu na wanataka makadirio kabla ya mwisho wa mwezi ili yaingie kwenye mapendekezo ya bajeti. Nimewajibu kwamba kabla ya makadirio nataka fedha ndogo na ruhusa wakati wa likizo: mafundi wawili, ngazi, nyundo na patasi, tufungue lipu kwenye pembe za kila darasa na ncha za boriti kila baada ya hatua chache, tupige picha, tuzibe. Nimeambatanisha bei ya kazi hiyo, na pembeni nimeandika gharama ya siku moja ya saiti iliyosimama, wapime wenyewe. Nauli ya kutoka Mkoani nayo nimeiweka, kwa sababu safari hii vitu vitavuka bahari mara mbili, Dar mpaka Unguja na Unguja mpaka Pemba, na wa Pemba ndio tunaojua ile ya pili inavyouma.

Jibu lao bado. Wakati nangoja, aliyenunua boriti za kweli Wete au Micheweni mwaka huu, zenye kibali, zilizonyooka mita tatu, aniandikie hapa chini alizipata kwa bei gani na kwa muda gani tangu kuagiza.